Kiatu Kimelala

Ninapoandika haya, kiatu changu cha kushoto kiko mikononi mwa mama anayelinda choo cha kulipia, jirani na wauza mihogo wa Coco Beach. Hakikuibwa. Nilikiweka rehani mwenyewe jana asubuhi, kwa shilingi 300, nikiwa na namba kifuani.

Zilikuwa mbio za hisani, kilomita 10. Dar es Salaam siku hizi kila mbio ni marathoni. Hata kilomita 5 za kusukuma kigari cha mtoto ni marathoni, ili mradi kuna fulana na medali. Kilomita ya nne tukapanda Daraja la Tanzanite, na hapo ndipo yule mgeni wangu alipobisha hodi. Si kichomi. Kichomi nakijua, kinakaa mbavuni, unakunja uso, unapumua kwa nguvu, kinaondoka na adabu zake. Huyu anakaa chini ya kitovu, kushoto kidogo, anaanza kama mtu anayekunja tambara lililolowa, halafu analikamua. Na darajani hakuna pa kwenda. Kulia maji, kushoto maji, mbele wapiga picha.

Nilipokanyaga nchi kavu niliacha barabara kama mtu aliyeitwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mbele yake bakuli la sarafu na karatasi za chooni alizozikata kwa kipimo cha mtu asiye na shida kubwa.

"Shikamoo, mama." (Hali ilikuwa mbaya, lakini nililelewa.)

"Marahaba, baba. Ndogo au kubwa?"

Aliuliza kwa sauti ya mnadani. Vijana wanne wa bodaboda wakakatisha mazungumzo yao, wakangoja jibu.

"Kubwa," nikanong'ona.

"Eeh?"

"Kubwa!"

"Kubwa mia tatu."

Bukta ya kukimbilia haina mfuko. Simu na pochi alikuwa navyo mke wangu, kule mwisho wa mbio, akisubiri kunipiga picha ya ushindi. Nikamweleza mama kwamba nitamaliza, nitarudi na hela yake. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Baba, wewe kazi yako ni kukimbia. Nitakushikia wapi?"

Kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyetoa shauri la kiatu. Mia tatu hakutoa, alitoa shauri. Mama akachagua cha kushoto, baada ya kukagua soli zote mbili.

Kilomita zilizobaki nikazimaliza na soksi. Mshereheshaji aliponiona akapagawa kwenye kipaza sauti: "Mwenye kiatu kimoja huyo! Moyo wa Akhwari huo, Watanzania!" Watu wakasimama. Mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafika mwisho akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Mimi niliangushwa na maharage. Nilipunga mkono hata hivyo. Niliporudi na mia tatu, kibanda kilikuwa kimefungwa.

Nasema maharage kwa sababu nimesoma, tena nimesoma hadi usiku wa manane, na nakiri tumbo limenishangaza kuliko lilivyoniumiza. Utumbo mwembamba una urefu wa mita 6 hivi, utumbo mpana mita moja na nusu. Bomba laini lote hilo limekunjwa nyuma ya mkanda wa suruali, na halikupigiliwa misumari. Sehemu yake kubwa imening'inia kwenye utando ulioshikwa na ukuta wa nyuma wa tumbo, kama nguo kwenye kamba. Kila hatua ya mkimbiaji ni upepo kwenye kamba hiyo. Kisha kuna damu. Ukiwa umekaa kitako, karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo huenda kuhudumia tumbo. Ukianza kukimbia, mwili hutangaza mgao. Misuli ya miguu inapewa, moyo unapewa, na kwa joto la Dar ngozi nayo inadai ya kwake ili itoe jasho. Tumbo linakatiwa. Kwenye mbio kali damu yake inaweza kupungua kwa hadi asilimia 80. Sasa jiweke mahali pa mwenye mgahawa: umeme umekatika, sufuria ziko jikoni, wateja wamejaa ndani. Atafanya nini zaidi ya kufungua mlango wa nyuma?

Na wateja wangu niliwaalika mwenyewe. Jumamosi usiku nilikula maharage ya nazi na chapati tatu, nikijiambia natafuta nguvu. Maharage yana sukari ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita nzimanzima mpaka utumbo mpana, bakteria wanazifanyia karamu na kuachia gesi. Alfajiri nikaongeza kahawa, ambayo kwa wengi wetu huuamsha utumbo mpana kuliko inavyomwamsha mwenyewe.

Haya yote ningependa kuyasikia kwa daktari. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali yenye kiyoyozi, wanakokuita mteja. Wakapima mkojo, choo, damu, taifodi, wakapiga utrasaundi. Bora hata wangenipa yutiai, ugonjwa wa kila Mtanzania. Daktari kijana akanilaza na kunibonyeza. Hapa panauma? Hapana. Na hapa? Hapana. Pataumaje nami nimelala? Maumivu yangu huja kilomita ya nne. Nikamwomba nikazunguke jengo mara ishirini nirudi nikihema, anibonyeze wakati huo, akacheka. "Huna kitu," akasema. Bili ilikuwa shilingi 185,000. Nilipotoka pale kweli sikuwa na kitu.

Hapo sikucheka, na bado sicheki. Hakuna aliyeniuliza nakula nini, saa ngapi kabla ya kukimbia, nakunywa maji kiasi gani. Maswali hayo hayana risiti. Niliambiwa nipunguze kukimbia, katika jengo lile lile nilikoambiwa miaka miwili nyuma nianze kukimbia kwa sababu ya presha. Wenzangu wanawake kwenye klabu yetu ya mbio wana yao: wao kabla hawajakaa vizuri kitini wameshatumwa kupima mimba.

Mtaani ndiko nilikopewa jina la ugonjwa, bila kipimo wala foleni. Mwanamume akishika chini ya kitovu ni ngiri, mwanamke ni chango, mjadala umefungwa. Nikanunua chupa ya maji ya kahawia ya kutibu ngiri, kiuno na heshima ya ndoa, vyote kwa kijiko kimoja. Mke wangu akaikuta, akasoma kikaratasi chake, akaniuliza kwa upole kama kuna jambo nataka tuzungumze.

Na jana haikuwa mara ya kwanza. Mbio za Bagamoyo niliishia kilomita ya sita. Morogoro kuna shamba la mahindi ambalo mwenyewe asiponisamehe ni haki yake.

Hata mwanariadha Mwingereza Paula Radcliffe alibanwa kwenye London Marathon ya mwaka 2005, akachuchumaa kando ya barabara mbele ya kamera, akainuka, akashinda kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 42. Hakuna aliyemuuliza ndogo au kubwa.

Leo mchana nimemtuma mwanangu na mia tatu kamili. Amerudi sasa hivi, mikono mitupu.

"Bibi anasema ni mia tano. Kiatu kimelala."