Sifa za Nafasi Tupu

Vikubwa vimeshasifiwa vikatosheka: mlima, kahawa, Wangari Maathai wa Ihithe na Nobeli yake ya 2004. Kwetu Tetu, Nyeri, yuko mnyonge ambaye hajapata mshairi. Ni ile nafasi tupu inayojibanza mwishoni mwa neno, ndani ya kisanduku cha kutafutia.

Uzito wake ni baiti moja, namba 32 katika ASCII, lakini amri yake inamshinda chifu. Anza kuandika Wamagana kwa simu, gusa neno ambalo kibodi imekupendekezea, naye ataingia nyuma yako bila hodi. Soko la huko, shule, ofisi za kaunti ndogo, vyote vinafutika: “Hakuna matokeo.”

Tena ni mtunza siri hodari. Mkulima amekopa mbolea kwenye agroveti, jina lake likaingizwa na nafasi moja ya ziada. Siku ya kudai, karani anatafuta, wapi! Mdaiwa anajiendea zake akipiga mluzi. Niambie benki yenye huruma hiyo.

Ukoo wake nao si haba. Yuko binamu namba 160, anayehamia kutoka Word akiwa na sura ileile. Trim() ya PHP humfagia mwenzake, yeye ikamwacha ameketi. Yuko ritifaa wa Murang'a, ambaye iPhone humpinda mgongo, kaunti nzima ikapotea. Kistari cha Aguthi-Gaaki kipo leo, kesho hakipo. Ila mfalme wao ni ũ ya Gĩkũyũ. Huandikwa kwa njia mbili: herufi moja iliyokuja na alama yake, au u ya kawaida inayofuatwa na alama inayopanda kichwani. Machoni ni mamoja. Kwa kompyuta hawajawahi kukutana. Unicode imeweka mifumo ya kuwapatanisha, NFC na NFD, lakini upatanisho ni mpaka mtu aukumbuke.

Mnyonge huyu ana maadui, waandishi wa programu, na ni makatili. Hawahangaiki na kila fomu. Huweka lango moja kwenye modeli ya data. Jina huhifadhiwa kama mwenyewe alivyoliandika, na kando yake safu ya pili: nafasi zimekatwa, herufi zimekuwa ndogo, alama zimevuliwa. Neno la anayetafuta hupitishwa langoni humo kabla ya kulinganishwa. Hata simu inayoanza na 0722 na ile ya +254722 hugeuzwa kitu kimoja. Kazi ya alasiri moja, na riziki za watu zimekwisha!

Mimi sina moyo huo. Agroveti wakinipigia kwamba mteja amepotea tena, napanda matatu Nyeri mjini, naketi kwenye kompyuta yao kwa uso wa daktari, nafuta nafasi moja, naandika risiti. Wakiuliza ilikuwa nini, nawaambia virusi.