Shokesi la Shangani

Nyumbani kwetu kompyuta ina majina mawili tu. Kile kioo cha kutazamia ndiyo "kompyuta", na lile boksi la pembeni, na vyote vilivyomo tumboni mwake, ndiyo "sipiyu". Kwa hiyo kijana wetu aliposema sipiyu ni nzima ila anataka kuinunulia kasha jipya, mama yake alimtazama kama mtu aliyeambiwa mgonjwa hana homa ila abadilishwe ngozi.

Lakini kijana alikuwa na hoja. Anahariri video za harusi, na harusi za Mtwara zina msimu wake. Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba na watu wakishalipwa, ngoma zinapandana hadi mtu ualikwe kwingine ukiwa bado unatafuna pilau la huku. Kasha la zamani lilikuwa la bati, nasi tunakaa Shangani, ambako upepo wa bahari huingia dirishani bila hodi. Bati huku halizeeki, linaliwa. Ukilipitishia kidole ubavuni, kidole kilitoka na rangi ya binzari.

Basi tukakaa kikao, simu ikizunguka mkono kwa mkono. Mimi nilitaka kasha la plastiki na bati, bei ndogo, yaishe. Mama watoto alinasa kwenye lililokuwa kioo mbele na ubavuni, taa zake zikigeuka zambarau, buluu, kijani. Alisema litapendeza pale sebuleni. Kijana akakataa kioo cha mbele. Feni zinavuta hewa kutoka mbele, alisema, ukiziwekea kioo usoni ni sawa na kumwambia mtu akimbie huku umemziba pua, na joto la Mtwara mwezi wa 11 mnalijua. Yeye alitaka uso wa wavu wenye chujio la vumbi, kioo kibaki ubavuni. Mimi nikauliza habari ya umeme wa hizo taa. Akanijibu kwa upole uliozidi kiasi kwamba zote kwa pamoja hazifikii taa ya barazani ambayo mimi huisahau hadi alfajiri.

Mama mkwe, tasbihi mkononi, aliomba aone picha. Akaivuta simu karibu na miwani.

"Mume wangu," alimwambia mjukuu wake, "hili shokesi zuri. Vikombe vinakaa wapi?"

"Bibi, si la vikombe."

"Shokesi halina vyombo, linaonyesha nini?"

Swali lile halikupata jibu siku ile. Likabaki sebuleni kama mgeni asiyeaga.

Tuliagiza Dar es Salaam, laki mbili na nusu, nauli ya mzigo mbali. Nilikwenda mwenyewe kulipokea stendi ya Mkanaledi. Nililipakata kwenye bajaji njia nzima, dereva akipunguza mwendo kwenye matuta bila kuambiwa, maana alidhani ni keki. Kilomita zipatazo 560, daraja la Rufiji, mashimo ya njiani, na kioo kimefika hakina hata mchubuko. Kijana akahamisha mazabodi, akafunga nyaya, akawasha. Watoto wa jirani walijaa dirishani. Nakiri hata mimi nilikaa pale nikitazama feni zinavyozunguka na rangi zake, chai ikapoa.

Kosa ni langu, na nalieleza kwa sababu mama watoto ameshalieleza kwa majirani. Ijumaa moja kijana alifungua ubavu apulize vumbi. Alitaka kukilaza kile kioo kitandani. Mimi, mwenye busara zangu, nikamwambia kitandani watoto watakikalia, mezani kitadondoka, akisimamishe chini, akiegemeze kwenye kochi. "Chini hakuna pa kuangukia," nilisema. Sakafu yetu ni ya marumaru, niliiweka mwaka jana na sijaacha kuitaja.

Alikishusha taratibu kama anayemlaza mtoto. Ukingo ukagusa marumaru, wala si kwa kishindo. Pa!

Hakikupasuka, kilimwagika. Mikononi mwake hakikubaki kipande, na sakafu nzima ikajaa punje kama chumvi ya mawe. Mama mkwe akapiga shahada. Mama watoto akatoka jikoni na mwiko, akatazama chini, akanitazama mimi.

Fundi wa madirisha ya alumini ndiye aliyenifafanulia. Kioo cha aina hiyo, tempadi, ni ndugu wa kioo cha mlango wa gari. Hupashwa moto kupita nyuzi 600 kisha hupulizwa hewa baridi ghafla, ngozi ya nje ikakaza na kubana huku ndani kukivuta. Ndiyo nguvu yake. Usoni unaweza kukigonga kwa ngumi kikuchekee, lakini pembeni ndiko roho yake iliko. Marumaru hizi za sakafuni, za kauri, ni ngumu kuliko kioo. Kichembe kimoja kikiuchoma ukingo, ule mvutano wote unaachia kwa mpigo. Kile kipande kilikuwa salama popote nyumbani humo, kwenye godoro, mkekani, hata juu ya gunia la mchele. Mimi nikakichagulia marumaru.

Kioo kingine kingetaka kuagizwa tena, na harusi tatu zilikuwa zinasubiri. Fundi akakata wavu wa dirisha, ule wa mbu, akauwekea fremu nyembamba ya alumini. Elfu nane. Kijana alinuna siku mbili. Siku ya tatu akasema, bila kunitazama, kwamba mashine haichemki tena kama zamani.

Mvua za kwanza zilipoanza, kumbikumbi walizifuata zile taa usiku. Mjusi kafiri naye akawafuata kumbikumbi. Alijibandika katikati ya wavu, tumbo likigeuka buluu, likageuka zambarau, koo linapwitapwita.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamgusa mjukuu wake begani.

"Mume wangu, leo shokesi limepata chombo."