TEHAMA Nyumbani kwa Mwalimu

Mpwa wangu wa Bunda kamaliza kidato cha sita, anataka kusomea TEHAMA. Ukoo ukaitana. Shangazi yake wa Musoma, mchuuzi wa dagaa pale Mwigobero, aliuliza swali moja tu: "Hiyo tehama inapimwa kwa kilo au kwa debe?"

Mimi nikajitia msomi. Nikawakumbusha kwamba kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 serikali ya Mwalimu, mwana wa Butiama, ilipiga marufuku kuingiza mashine hizo. Marufuku, kama gongo! Leo hapo hapo Butiama kuna chuo kikuu chenye jina lake, cha Kilimo na Teknolojia. Babu akakohoa. "Basi akasome hicho cha kilimo. Ng'ombe hagomi umeme ukikatika."

Kijana hakujibu. Alikuwa kainama, kazi imemzidi: simu ya babu ilijaa video za mahubiri hadi ikaganda, shangazi alikuwa ametuma hela ya dagaa kwenye namba asiyoijua, na mimi, mpinzani mkuu wa hoja, nilikuwa nimesahau nywila ya barua pepe kwa mara ya tatu mwezi huo.

Kikao kiliamua kwa kauli moja kwamba kazi hiyo haina soko. Kisha tukapanga foleni. Malipo yake yalikuwa soda moja, nayo babu aliomba amwachie nusu.