Jinsi ya Kujichonga kwa Simu Ukiwa Mpanda

Harusi imekaribia, fundi wa suti yuko Dar es Salaam, nawe uko Mpanda. Usihangaike. Simu inakupiga picha kila upande, programu inaziunganisha kuwa umbo la pande tatu, fundi anapima umbo hilo, na suti inakuja kwa treni kupitia Tabora. Hapo katikati pana nafasi nzuri ya kujiongeza na kujipunguza. Sogea karibu nikuelekeze.

1. Jiongezee urefu. Picha peke yake haijui sentimita. Programu itakuuliza urefu wako na itaamini utakalosema. Una 165? Andika 175. Basi mwili mzima utakua kwa kiwango hichohicho: kiuno cha 90 kitasomeka 95, na suruali itakuvuka.

2. Vaa shati pana. Kamera haioni kilicho chini ya kitambaa, inapima kitambaa chenyewe. Kitambi kitapotea kabisa, maana utakuwa pipa kuanzia mabegani hadi mapajani.

3. Vuta tumbo ndani, bana pumzi. Mpiga picha akuzunguke polepole, kila picha ipandane kidogo na iliyotangulia. Programu inatafuta alama zilezile, kifungo, kovu, mshono, na kukokotoa zilipo. Pumzi ikikushinda katikati ya mzunguko, tumbo litasogea, alama zitapishana, nawe utapewa matumbo mawili, moja juu ya jingine.

4. Jipake mafuta, simama jua la saa sita. Utang'aa kweli. Ila mng'ao huhama kila kamera inapohama, na programu haiwezi kuushika. Bega litatoka na tundu.

5. Kata njia: piga picha moja tu, ya mbele. Mgongo utakisiwa kwa modeli ya mwili wa binadamu. SMPL, modeli mashuhuri ya mwili iliyotolewa mwaka 2015 na watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani pamoja na wenzao, ina nukta 6,890, na ilijifunza maumbo kwa watu waliopimwa Marekani na Ulaya. Kamera isipopaona mahali, wastani wao ndio unaojaza. Utaingia ukumbini Makanyagio, hapohapo Mpanda, na koti lililokatwa kwa mgongo wa ng'ambo.

6. Ukitaka suti ikukae, vaa nguo ya kubana, simama kivulini, mikono mbali na mbavu, pumua kawaida, andika urefu wa kweli. Kisha pita sokoni, fundi cherehani akupime kifua, kiuno na nyonga kwa futi kamba. Vipimo vikipishana, mwamini fundi huyo wa sokoni.

Nanyi vijana wa mkoa wetu wa Katavi mnaosomea kompyuta: pimeni miili ya watu wa hapa, kwa ridhaa yao, na mtunze vipimo vyao kwa siri. Programu ikilazimika kukisia mgongo wa mtu wa Mpanda, ikisie kwa watu wa Mpanda.