Jinsi ya Kuogopa Kifo Bila Kupumzika: Mwongozo kwa Wastaafu

Hongera, mzee wangu. Umefikisha miaka 60, barua ya kustaafu imo kabatini, na Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania inakutambua rasmi kuwa mzee. Sasa una muda. Wapo wenzako wanaoutumia muda huo vibaya: wanacheza bao, wanawasimulia wajukuu, wanalala usingizi wa mchana mdomo wazi, kana kwamba hawajui kinachowangoja. Hao wamezembea. Mwongozo huu ni wako wewe uliye makini, unayetaka kukiogopa kifo kila siku, kwa utaratibu, hadi siku kitakapobisha hodi. Ufuate bila kuruka hatua, na hutapata amani hata ya nusu saa.

Hatua ya kwanza: Ukane umri wako

Anza na kichwa. Nunua piko, paka kila wiki, wala usijali likikuachia doa jeusi kwenye paji la uso na kwenye kola ya shati. Kijana akikupisha kiti kwenye daladala, kataa. Shika bomba, yumba nalo kutoka Mbagala hadi Kariakoo, magoti yakilia. Akikuamkia "Shikamoo babu," usiitike marahaba. Muulize ni babu wa nani anayemzungumzia. Ukiulizwa ulizaliwa lini, jibu, "Juzi juzi tu." Ukibanwa zaidi, usiseme juzi ya mwaka gani.

Jihadhari na mifano mibaya. Bi Kidude wa Zanzibar hakuwa na hakika amezaliwa mwaka gani. Watu walimkadiria miaka mia na ushei, naye akawaachia hesabu zao, akaendelea kupiga ngoma na kuimba taarabu. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, katika umri ambao wewe umepanga uwe umejifungia chumbani. Alifariki Aprili 2013. Uzee wote huo, na ameumalizia jukwaani. Hasara tupu.

Hatua ya pili: Kisitajwe

Nyumbani kwako kifo kisitajwe kwa jina. Mkeo akianza, "Baba Asha, ikitokea mmoja wetu ametangulia..." mkatize hapo hapo: "Toba! Unanichuria?" Kisha toka uende barazani, ukae huko mpaka mazungumzo yahamie kwenye bei ya sukari.

Misibani nenda, kwa maana usipozika hutazikwa, ila nenda na kazi maalumu. Kaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mwinamie jirani, uliza kwa sauti ya chini: "Alikuwa na miaka mingapi?" Akikuambia 82, shusha pumzi, zamu yako bado. Akikuambia 58, usihamaki. Uliza la pili: "Alikuwa anaumwa nini?" Ikiwa ni sukari, nawe huna, rudi kwenye pilau lako. Ikiwa ni presha, nawe unayo, uliza la tatu: "Lakini si alikuwa anavuta sigara?" Endelea hivyo mpaka upatikane ugonjwa, tabia au mkosi ambao wewe huna. Hapo ndipo tonge litakaposhuka.

Vitabu navyo vichuje. Usiguse Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa mwanzoni mwa karne ya 19, aliutazama mji wa Pate ulivyokuwa umejaa utajiri na ulivyogeuka magofu, popo wakining'inia kwenye kumbi za matajiri, akaanza kuusuta moyo wake mwenyewe ujiandae. Vizazi na vizazi vya watu wa pwani wameusoma utenzi huo, wakafunga kitabu, wakaenda kulala. Mtu anayekitazama kifo machoni kisha akalala hana nidhamu.

Hatua ya tatu: Usiandike wosia

Hii ndiyo nguzo ya mwongozo mzima. Ukiyumba hapa, mengine yote hayatakusaidia.

Kanuni ni fupi: anayeandika wosia anajichuria. Ushahidi upo. Jirani yako aliandika, akafa. Kwamba alikufa miaka kumi na tisa baadaye, hilo si lazima ulitaje.

Sheria za nchi zitajaribu kukurahisishia; zikwepe. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, huandika wosia na kuutunza. Kwa wanaofuata mila, Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 inakubali hata wosia wa mdomo, mradi washuhudie watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Ukiwa Mwislamu, mafungu ya warithi yamekwisha pangwa, nawe umeachiwa hadi theluthi moja ya mali uwausie wasio warithi. Yaani jioni moja, watu wanne, birika la chai, na shughuli imekwisha. Hapo ndipo penye hatari: ukishamaliza, usingizi utakujia.

Badala yake, panga mambo hivi. Hati ya kiwanja cha Chanika iweke mahali unapopajua wewe peke yako, kisha pasahau. Namba ya siri ya simu, ambako ndiko akiba yako iliko, usimwambie kiumbe. Yule mama wa Tandika na mwanawe aliyechukua pua yako, usiwataje kwa mtu. Waache wajitokeze wenyewe siku ya mazishi, wamevaa nyeusi, wakati wasifu wa marehemu unasomwa na msomaji ndiyo kwanza amefika kwenye idadi ya watoto.

Utaona faida yake, au tuseme wataiona wengine. Baada ya arobaini, ukoo utakaa kikao kumteua msimamizi wa mirathi. Kikao kitavunjika. Kitaitishwa kingine, muhtasari utapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, mwanao wa pili atakwenda kuweka pingamizi, wa Tandika atafika na cheti cha kuzaliwa kilichopakwa plastiki. Shemeji yako atakuwa amekwisha hamia kwenye nyumba "kulinda mali," na mjane wako atakuwa amehamishiwa chumba cha uani. Miaka itakwenda. Wewe utakuwa umelala zako makaburini, lakini jina lako litaitwa mahakamani kila kesi inapotajwa. Nani alisema mtu akifa anasahaulika?

Hatua ya nne: Ihangaikie afya, au isusie kabisa

Hapa una njia mbili, na zote zinafika. Ya kwanza ni kutopima. Presha haipo mpaka ipimwe, na tezi dume ni ugonjwa wa wanaokwenda hospitali.

Ya pili ni kukimbilia kila dawa. Ukisikia kipaza sauti stendi kinatangaza chupa inayotibu magonjwa arobaini, nunua mbili. Changanya na vidonge vya kliniki. Tumbo likikataa, acha vya kliniki. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Foleni ya magari ilikwenda kilomita na kilomita. Wapo waliotolewa wodini kupelekwa huko, na wapo waliofia njiani wakisubiri zamu. Mchungaji mwenyewe naye alifariki Julai 2021, akiwa na zaidi ya miaka 80, kama wanavyofariki wazee wote. Usilitafakari sana hilo. Wewe ulizia tu kikombe kingine kinatolewa wapi.

Hatua ya tano: Tunza vinyongo na madeni

Ndugu yako mliyegombania mnazi wa mpakani, usimpigie simu. Mnazi wenyewe ulikwisha kauka, ukakatwa, ukachomewa mkaa, lakini kinyongo bado kinazaa. Kila anayejaribu kuwapatanisha mwambie, "Yule tutaonana kwenye jeneza." Usifafanue jeneza la nani.

Madeni pia yaache yakomae. Daftari la Mangi wa dukani lina ukurasa wako: unga, mafuta ya taa, na vocha za tangu enzi za kukwangua. Pita upande wa pili wa barabara. Siku ikifika, msemaji wa familia atasimama mbele ya jeneza atangaze kwamba yeyote anayemdai marehemu amwone mwanawe mkubwa, na mwenye kinyongo naye amsamehe. Kutakuwa kimya. Mtu mmoja atakohoa. Mangi atatazama viatu vyake, maana hawezi kumdai maiti mbele ya watu, na hawezi kusema "nimesamehe" bila kulikumbuka daftari. Mstari wa mbele, ndugu yako wa mnazi atakuwa analia kuliko mjane wako, na hakuna atakayejua kwamba analia kwa sababu simu yako ameingoja miaka yote.

Hatua ya sita: Wakimbie waliotulia

Utulivu unaambukiza kuliko mafua. Mtaani kwako kuna chama cha kufa na kuzikana, usijiunge. Wanachama wake hutoa mchango wa kila mwezi ili siku ya siku pasikosekane sanda, turubai wala gari, na wanayajadili maziko yao wenyewe huku wakimenya karanga. Waosha maiti nao usizoee kukaa nao. Wamewaosha matajiri na mafukara kwa maji yale yale, na hakuna jambo linalowashtua.

Hatari kuliko wote ni mabibi wa pwani. Utamkuta mmoja Bagamoyo au Tanga asubuhi na mapema amefungua sanduku lake, ametoa bafta nyeupe, vipande vitano kama sanda ya mwanamke inavyotakiwa, na kifurushi cha karafuu maiti. Anakung'uta bafta, anaianika kwenye kamba kati ya khanga na shuka ili isishike ukungu, kisha anarudi kwenye mbuzi kukuna nazi. Mjukuu akimuuliza ile nguo ya nini, anamjibu, "Ya safari yangu," halafu anamtuma akanunue ndimu na chenji airudishe. Anakuna nazi ya mchana. Anajua atakufa na anajua wali unahitaji tui, na haoni ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Ukikaa naye muda mrefu utapona, na kazi yako yote itakuwa bure.

Hatua ya saba: Usisimulie maisha yako

Mzee anayesimulia alikotoka huanza kuona kwamba alifika mahali. Mwandishi Shaaban Robert alikaa akayapima maisha yake katika kitabu cha Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini; alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53. Angesubiri uzee "wa kweli" tusingekuwa na kitabu. Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi naye alizindua kitabu cha maisha yake, Mzee Rukhsa, tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Alifariki Februari 2024, akiwa amekwisha kusema lake. Wewe wajukuu wakikuuliza jinsi ulivyokutana na bibi yao, ongeza sauti ya televisheni.

Ukishindwa

Mwongozo huu una udhaifu mmoja, na ni haki yako kuujua: unavunjika upesi sana. Jioni moja tu ya mashahidi wanne inatosha kuuharibu. Kumlipa Mangi kunauharibu. Simu kwa ndugu yako, hata kama nusu yake ni kimya na nusu ni kuulizana hali za watoto, inauharibu kabisa. Wengi walioukiuka waligundua kwamba sehemu kubwa ya kile walichokiita hofu ya kifo ilikuwa hofu ya mambo waliyoyaacha nusu: kiwanja kisichojulikana ni cha nani, mtoto asiyetambulishwa, neno la samahani lililokwama kooni tangu mavuno ya mwaka ule.

Hofu iliyobaki baada ya hapo ni ndogo, na ni halali. Hakuna karatasi inayoondoa uchungu wa kuwaacha unaowapenda, wala dini haikumtaka mtu asiuone uchungu huo. Lakini hofu hiyo inaweza kukaa nawe barazani, ikanywa kahawa, isikunyime usingizi.

Basi chagua, mzee wangu. Kifo kitakuja bila kuitwa. Wosia hauji mpaka uandikwe. Jumatatu asubuhi ofisi zinafunguliwa. Nenda kaandike, na ukitoka huko mpigie ndugu yako.