Jahazi la Magurudumu Sita

Wageni huyapiga picha magari ya mbao ya Unguja wakidhani yaliagizwa hivyohivyo yalivyo. Wapi! Kilichotoka ng'ambo ni kichwa, injini na chasisi. Nyuma kote, kuanzia benchi zinazotazamana hadi lile paa la chini linalomlazimisha abiria kuingia ameinama kama anakwenda kumwamkia sultani, ni kazi ya seremala wa hapahapa.

Basi ami yangu alipata chasisi ya Bedford TJ, lori lililoanza kuundwa mwaka 1958, imelala shambani, kuku wanatagia ndani yake. Akaipiga msasa, akaipaka rangi ya kuzuia kutu, akabadilisha majani ya springi, na makanika akaifufua ile injini ya petroli ya silinda sita. Ikabaki bodi. Ila mafundi wa bodi za mbao sasa hawapatikani. Waliopo wanatengeneza vitanda vya hoteli. Ami akaenda Nungwi, akarudi na fundi wa majahazi.

Mzee huyu hakuwa na mchoro. Alipima kwa jicho, na jicho lenyewe limezoea vyombo vyenye tumbo. Aliizunguka chasisi kimya, kisha akauliza mkuku wake uko wapi. Makanika akamwonyesha reli mbili za chuma.

“Miwili?” Akatikisa kichwa kwa huruma.

Kwa mataruma alitaka matawi ya mwembe yaliyojipinda yenyewe, kama afanyavyo pwani. Makanika alitaka pembe mraba. Wakazozana hadi alasiri, na mimi nikawa mpeleka kahawa wa pande zote mbili. Lakini kwenye kufunga bodi, mzee alimshinda. Chasisi ya lori hujipinda barabara ikiwa mbovu, na bodi iliyokazwa kila mahali kwa chuma hupasuka. Lazima mbao ngumu ikae katikati, halafu yote ishikwe kwa yubolti. Mzee hakuwahi kufunga lori maishani mwake, ila alijua hilo zamani. “Chombo kikaidi,” alisema, “wimbi la kwanza tu linakivunja.” Makanika akaenda kutafuta yubolti.

Angeishia hapo tungekuwa salama. Lakini kila msumari aliuzungushia pamba iliyochovywa mafuta, kisha akaanza kukalafati sakafu na mbao za ubavuni. Kila mshono ukapigwa pamba. Halafu akapaka sifa. Kwa wasiojua, hayo ni mafuta ya papa, na abiria wetu wa kwanza walisafiri wameziba pua.

Masika yakaingia. Turubai za madirishani zikashindwa na upepo, mvua ikamiminika ndani, na hapo ndipo tulipoujua ustadi wa mzee: maji yaliyoingia hayakuwa na pa kutokea. Konda nilikuwa mimi. Mkono mmoja nakusanya nauli, mkono mwingine nafua maji kwa upo aliotuachia mwenyewe, eti chombo hakikosi upo. Papa wakavu wa abiria mmoja walianza kuelea. Tulipofika Darajani, bibi mmoja aliteremka na baibui limelowa hadi magotini, akaniuliza: “Mwanangu, nauli uliyonitoza ya gari au ya boti?”

Makanika akaleta mashine ya kutobolea. Mzee akasimama mlangoni. Hajapata kutoboa chombo alichokiunda mwenyewe, na uzeeni haanzi. Suluhu iliyopatikana ni tundu moja, analitoboa yeye kwa keekee yake, na linazibwa kwa kizibo cha mbao.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi alipiga breki, akawasha taa, akaingia nyuma na kugonga kichwa kwenye paa kama kila mtu. Akiwa ameinama bado, akakiona.

“Hiki kizibo cha nini?”

“Cha kutolea maji, bwana,” akajibu ami.

“Maji? Kwenye gari?”

Mzee akawahi kabla yetu. “Ya mvua hayo. Ya bahari hayaingii, nakuhakikishia.”