Jinsi ya Kuwa Mjuzi Bila Kujua

Kila kijiwe cha kahawa kina mjuzi wake, na nafasi hiyo haitangazwi gazetini. Ukiitaka, ikalie. Fika baada ya alasiri, kabla benchi halijajaa, ukae jirani na birika ili kila anayenyoosha mkono kupokea kikombe apite mbele yako. Usiseme kitu. Piga funda la kahawa chungu, mega kashata, waache wenzako wabishane mpaka wachoke. Anayesema wa mwisho, tena kwa sauti ya chini, ndiye anayesikilizwa.

Sasa toa tarehe. Usitoe mwaka mtupu, maana huo kila aliyemaliza la saba anao. Ukiwa Unguja, vita vya Waingereza na Sayyid Khalid bin Barghash havijawahi kumwangusha mtu. Sema vilipiganwa asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 na vikaisha kwa dakika 38. Itamke hiyo thelathini na nane kana kwamba saa uliishika wewe. Atatokea msomi mmoja aseme yeye alisoma 45. Usigombane naye. Mtazame kwa huruma, umwambie: "Inategemea, mwenzangu, unaanza kuhesabu wapi." Jibu hili lina kasoro moja: ni la kweli. Vitabu vinatofautiana kati ya 38 na 45 kwa kuwa havikubaliani vita vilianza na kuisha dakika gani hasa. Kusema kweli ukiwa mjuzi wa bandia kunatia wasiwasi kidogo, ila utazoea. Kabla hajapumua, ongeza kwamba Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, na kwamba alikuja kufia Mombasa mwaka 1927. Hakuna aliyeuliza. Ndiyo maana inatisha.

Maneno yana kipimo chake. "Kitaalamu" lije mwanzoni, "kimsingi" katikati, na "hapo ndipo wengi wanapokosea" mwishoni, hata kama bado hujasema lolote. Ukisikia wameanza kukuita mjuaji badala ya mjuzi, umezidisha dozi. Nyamaza siku mbili tatu. Kijana akitoa simu ili ahakikishe, mtume dukani.

Hatari yenyewe ni swali la "kinafanyaje kazi?" Mwaka 2002, watafiti Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya mchezo mbaya sana. Waliwataka watu wajipe alama za jinsi wanavyovielewa vitu kama zipu, choo cha kuvuta maji na cherehani. Kisha wakawaambia waandike maelezo, hatua kwa hatua. Walipojipa alama tena, zilikuwa zimeporomoka. Yaani mtu alijiumbua mwenyewe, kwa kalamu yake.

Kijiweni hakuna kalamu, lakini kuna fundi. Tuseme umejisahau ukatamka kwamba cherehani ni kitu chepesi, sindano inapanda na kushuka basi. Pembeni yuko mzee mmoja mwenye futi shingoni, ambaye jioni nzima hajasema zaidi ya "niongezee". Anauliza kwa adabu: "Sasa bwana, uzi wa juu haukatwi, wala ncha yake haishuki chini. Unafungana vipi na uzi wa chini?"

Benchi zima linakugeukia, na "kimsingi" haikuokoi. Yeye anajua kuwa sindano ya cherehani tundu lake liko kwenye ncha. Ikizama kisha ikarudi juu kidogo, uzi hulegea ukafanya kitanzi. Kindoano kinachozunguka hukidaka kitanzi hicho na kukivusha juu ya bobini nzima, uzi wa chini ukabaki umenaswa ndani. Atakuonyesha kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la koti lake, kikombe cha kahawa kikiwa ndiyo bobini, na kwa mara ya kwanza tangu ufike, watu watainama kutazama.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kukumbuka ghafla kwamba kuna mgonjwa hujamjulia hali tangu juzi. Ya pili ni ngumu ila ina faida: baki, mwombe arudie lile la kitanzi, huku ukitikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Mlipie kahawa. Kesho nenda kijiwe cha mtaa wa pili, omba uzi na kikombe, uanze na "kitaalamu". Ila chungulia kwanza kama hakuna mwenye futi shingoni.